Kelele za Pikoboli Mtaani Nairobi: Ukuta, Vibao Tulivu, Saa au Paa?

Kabla kamati ya mtaa haijaita fundi wa kuzuia kelele za uwanja wa pikoboli (pickleball), ijue kwanza anayelalamika anakaa ghorofa ya ngapi. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama pesa ziende kwenye ukuta, kwenye vibao na mipira, kwenye paa, au zisitumike kabisa. Watu hubishana mikutano kwa mikutano kuhusu aina ya ukuta huku mwenye kero akiwa ghorofa ya sita, mahali ambapo ukuta wowote wanaoweza kuugharamia hautamsaidia.

Nairobi imejaa hali hiyo. Kilimani, Kileleshwa, Lavington na sehemu za Westlands, nyumba ya zamani yenye bustani kubwa sasa imezungukwa na fleti za ghorofa kumi na zaidi. Mwenye ploti anaona bustani imekaa bure, anamwaga zege, anachora mistari, anafunga taa na kuanza kukodisha kwa saa. Uwanja wa pikoboli ni mdogo: mita 13.4 kwa 6.1, na ukiongeza nafasi ya kukimbilia unatosheka na mita 18 kwa 9. Palipotosha uwanja mmoja wa tenisi huingia vinne vya pikoboli. Udogo huo ndio unaouruhusu kukaa karibu mno na dirisha la chumba cha mtu.

Kwa ambaye hajaucheza, mchezo huu ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Unatumia kibao kigumu kisicho na nyuzi na mpira wa plastiki wenye matundu. Vigumu viwili vikigongana hutoa mlio mfupi sana, ambao nguvu yake kubwa iko kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 1,200, na hilo ni eneo ambalo sikio la binadamu halikosi kulinasa. Huko Marekani, ambako kesi zimeshafika mahakamani, namba inayonukuliwa sana ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 70 hivi kwa umbali wa mita 30. Lakini zaidi ya ukubwa wa kelele, kinachochosha watu ni namna zinavyokuja: tak, tak, kimya, tak-tak-tak, bila mpangilio wa kuzoeleka. Matatu inayonguruma barabarani husahaulika baada ya muda. Mlio huu huanza upya kila mara, na aliyekaa karibu nao hujikuta anausubiri hata ukinyamaza.

Naupenda mchezo huu na sitaki ufukuzwe mitaani. Vilevile, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akilala saa nne asubuhi ana haki ya usingizi wake. Nalinganisha njia hizi nikiwa na wote wawili, mchezaji na muuguzi, akilini.

Ukuta na pazia: dawa ya walio chini

Ukuta hufanya kazi kwa kusimama katikati ya kibao na sikio. Mlio wa pikoboli una wimbi fupi, sentimita 30 hivi, kwa hiyo unazuilika kuliko besi ya kilabu, ambayo mawimbi yake ya mita kadhaa hupinda juu ya ukuta na kushuka upande wa pili. Ukuta ukikata tu mstari wa macho kati ya mchezaji na msikilizaji hupunguza karibu desibeli 5. Ukiinuka zaidi ya hapo unaweza kufika 10, na ukijengwa vizuri sana hata 15. Kwa sikio, kushuka kwa desibeli 10 ni kama kelele zimepungua nusu.

Habari njema ni kwamba ploti nyingi za Nairobi tayari zina ukuta wa mawe ya mashine. Jiwe la inchi sita likishajengwa huwa na zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba, na kizuizi cha sauti huhitaji kilo 10 tu ili uzito usiwe tatizo. Kwa hiyo uzani mnao. Kinachokosekana ni kimo. Kinyume chake ni mabati, ambayo hupendwa kwa bei. Bati jembamba la kuezekea halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba, hutetemeka, na hurudisha mlio kwa jirani wa upande wa pili ambaye hapo awali hakuwa na shida. Neti ya kivuli na turubai la kawaida ni za kuficha macho tu. Sauti hupita kana kwamba hazipo.

Kati ya mawe na mabati kuna pazia zito la vinili linalotundikwa kwenye seng'enge ya uwanja. Lina kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, ambazo ni chache, lakini kwa mlio mwembamba kama huu linajitahidi, na hushuka na kuhamishwa mkataba wa ploti ukiisha. Anayekodi ploti atalipenda kuliko ukuta ambao atamwachia mwenye nyumba. Ila lina mambo mawili ambayo muuzaji huenda asiyataje. La kwanza ni upepo: seng'enge ikishavikwa pazia huwa tanga la jahazi, na nguzo zilizosimamishwa kubeba waya mtupu zitainama. Lazima fundi aongeze nguzo, azichimbie chini zaidi na kuzimiminia zege. La pili ni mianya. Nafasi ya kiganja chini ya pazia, au lango lililoachwa waya mtupu kwa sababu pazia lilipungua, hupoteza sehemu kubwa ya kile ulicholipia. Lango nalo livikwe.

Sasa kimo. Chukua uwanja ambao mchezaji wa karibu yuko mita 5 kutoka ukutani na wa mbali yuko mita 18, ukuta una mita 3, na fleti iko mita 20 ng'ambo ya ukuta. Vibao vinagonga mpira kama mita moja kutoka chini. Ukivuta mstari kutoka kibao cha mchezaji wa karibu, upite juu ya ukuta hadi kwenye fleti, unagonga jengo kwenye mita 11, kwa hiyo hata ghorofa ya pili imefichwa. Vuta mstari huohuo kutoka kwa mchezaji wa mbali: unagonga jengo kwenye mita 5 na kidogo. Anayekaa ghorofa ya pili anamsikia mchezaji huyo karibu kama ukuta haujajengwa, na walio juu yake wanawasikia wote wawili kadiri wanavyopanda. Ili kumficha mtu wa ghorofa ya sita kwa ukuta peke yake ungehitaji kimo ambacho hakuna atakayekuidhinishia.

Kipimo chepesi kuliko hesabu ni hiki: simama kwenye balkoni ya anayelalamika. Kama unaona mikono ya wachezaji wote wanne, ukuta uliopo haumsaidii, na kuuongeza mita moja huenda kusibadilishe kitu. Kama unaona vichwa tu upande mmoja wa neti, mita hiyo moja itafanya tofauti kubwa.

Mitaa ya nyumba za chini kama Runda, Karen au sehemu za Lang'ata, ukuta naupa nafasi ya kwanza. Kilimani siupi.

Vibao na mipira: inayofika mpaka ghorofa ya kumi

Kupunguza mlio pale unapozaliwa kuna faida ambayo hakuna njia nyingine ya uwanja wa wazi inayo: kila jirani anafaidika, wa chini na wa juu, wa mbele na wa nyuma. Mwaka 2023 chama cha mchezo cha Marekani, USA Pickleball, kilianzisha daraja rasmi la vifaa tulivu, kikilenga vifaa ambavyo kelele zake ni nusu au chini ya zile za kawaida. Vibao vya daraja hilo vina uso laini au kiini kinachomeza mtikisiko, na baadhi hushusha sauti kutoka ule mlio mkali hadi mlio mzito wa chini zaidi, ambao sikio halichomwi nao.

Mpira ndio wenye mabadiliko makubwa zaidi. Mpira wa sponji hauna tak hata kidogo. Unasikika kama mtu anayepiga mto. Lakini mchezo wenyewe unabadilika: mpira unaruka tofauti, kasi inapungua, na mchezaji aliyezoea atakwambia wazi kwamba hiyo si pikoboli aliyoilipia. Namwelewa. Kwa madarasa ya wanaoanza, watoto, na saa za asubuhi, sponji inatosha kabisa. Kwa mashindano haitakubalika.

Ugumu wa njia hii ni usimamizi. Ukuta ukishasimama hauhitaji kukumbushwa. Kibao kinahitaji mtu wa kusema hapana. Hapo uwanja wa kukodisha una nguvu ambayo bustani ya umma haina, kwa sababu wachezaji wengi wapya huazima vibao kaunta. Mwenye uwanja akiweka vitulivu pekee kaunta, sehemu kubwa ya tatizo imeisha bila ugomvi. Wanaokuja na vibao vyao ndio wa kuandikiwa sharti kwenye fomu ya kuweka nafasi, kabla hawajalipa kwa M-Pesa. Mkishapokea pesa za mtu kisha mkamgeuzia kibao langoni, mtakuwa mmeanzisha kelele za aina nyingine.

Jambo moja la kujua kwa anayetaka vyote, ukuta na vibao: faida zake hazijumlishwi moja kwa moja. Sauti nzito zaidi ina wimbi refu zaidi na hupinda juu ya ukuta kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ukuta wako utapoteza desibeli kadhaa za kazi yake. Jumla bado ni nzuri kuliko kimoja peke yake. Usimwamini tu anayeziuza zote mbili kwa kujumlisha namba za katalogi.

Saa za kucheza: bila gharama, na ngumu kuliko inavyoonekana

Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinahesabu mchana kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa eneo la makazi, kiwango cha juu cha nje ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Desibeli 35 ni chumba kimya. Uwanja wa wazi ulio karibu na nyumba hauwezi kufika hapo kwa ukuta wala kwa kibao, hivyo mchezo wa nje baada ya saa 2 usiku hauna la kujadiliwa: uondoke kwenye ratiba.

Hapo ndipo biashara inapoumia, kwa sababu Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na watu hutoka kazini na foleni za barabarani wakati huohuo. Saa ya kati ya 1 na 2 usiku ndiyo yenye pesa. Ningewaachia saa hiyo siku za kazi, na badala yake ningechukua asubuhi na Jumapili. Alfajiri ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Hewa ya chini ikiwa baridi na tulivu, kama asubuhi za Julai, sauti hupinda kuelekea ardhini na kufika mbali zaidi, na magari yanayoifunika mchana bado hayajaanza. Mpira uleule usiosikika saa tisa mchana unaamsha watu saa 12 asubuhi. Uwanja ukianza saa 2 asubuhi badala ya 12, manung'uniko mengi huisha bila kununua kitu.

Na taa zifungwe kwenye swichi ya saa, zizimike zenyewe. Askari wa getini hawezi kumtoa mteja aliyelipa akiwa pointi mbili kabla ya ushindi. Giza linaweza.

Paa na godauni

Kuezeka uwanja bila kuta ni jambo ambalo Nairobi lina maana kuliko miji ya nyumba za chini. Paa linawaficha wachezaji dhidi ya ghorofa za juu, wale ambao ukuta uliwaacha. Lakini bati tupu huusukuma mlio pembeni, na jirani wa ghorofa ya chini atasikia zaidi ya jana. Paa likiwekwa, upande wake wa ndani uvikwe kitu kinachomeza sauti, pamba ya kioo au mbao za sufi zilizobanwa, na ukuta wa pembeni uwe tayari umefika kimo chake. Paa pamoja na ukuta ndiyo njia pekee ya ujenzi ya kubaki nje na kulinda walio juu na walio chini. Pia ndiyo ghali zaidi, na itahitaji kibali cha ujenzi cha kaunti.

Pesa hizo ningezilinganisha na kodi ya godauni. Eneo la Viwanda, Baba Dogo na kandokando ya Mombasa Road, kuna majengo yenye kimo cha mita 6 ambayo yanameza viwanja kadhaa, hayana mtu anayelala karibu, na hayajali mvua ndefu za Machi hadi Mei. Ndani kutakuwa na mwangwi wa kuumiza masikio msipoweka vifaa vya kumeza sauti, lakini hiyo ni kero ya waliolipia kuwepo. Kwa anayetaka kukodisha mpaka saa 4 usiku, sioni chaguo jingine la haki.

Umbali na mwelekeo, kama zege bado halijamwagwa

Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Kusogeza uwanja kutoka mita 10 hadi 20 kutoka dirishani kunakupa faida ya ukuta mfupi bila jiwe hata moja. Kibao pia hurusha sauti zaidi mbele na nyuma kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha za uwanja zisielekee vyumba vya kulala. Wachezaji watataka uwanja ulale kaskazini kwa kusini ili jua lisiwapige machoni asubuhi na jioni. Pale matakwa hayo mawili yanapogongana, ningempa jirani kipaumbele na mchezaji kofia. Na kama ploti ina upande wa barabara yenye magari, uwanja ukae huko.

Yasiyostahili pesa zenu

Ua wa kayaba ni mzuri kwa wezi na kwa macho. Kwa sauti, safu moja ya mimea haifanyi chochote kinachopimika. Inahitajika miti minene ya kina cha makumi ya mita kupata desibeli chache, na hakuna ploti ya Kileleshwa yenye msitu huo. Madirisha ya vioo viwili kwa jirani yanafanya kazi yakifungwa tu, na Nairobi tunaishi madirisha wazi. Nyumba za zamani zina hata matundu ya hewa ya kudumu juu ya fremu. Kumwambia mtu ajifungie ndani Februari ili wengine wacheze ni kumhamishia gharama.

Namba za sheria na mtego wake

Kiwango cha desibeli 50 hupimwa kwa wastani wa saa 14 za mchana. Uwanja unaotoa wastani wa 55 kwa saa nne kisha ukanyamaza saa kumi, ukigawanywa hivyo unashuka chini kidogo ya 50. Mwenye uwanja atakuja na karatasi inayosema amepita mtihani, na jirani atakuwa bado anasikia kila mlio. Kwa hiyo mkimleta mtaalamu apime, mwombeni pia kiwango cha juu cha kila mlio, siyo wastani tu. Programu ya simu inatosha kulinganisha kabla na baada mkiwa mmesimama palepale. Kama ushahidi haitoshi.

Kanuni hizohizo zina kifungu kinachokataza kelele zinazosumbua bila sababu ya msingi, bila kutegemea namba. Miongoni mwa yanayoangaliwa ni saa ya siku, ukaribu na makazi, kama kelele zinajirudia, na kama zingeweza kudhibitiwa bila juhudi au gharama kubwa kupita kiasi. Hilo la mwisho linambana mwenye uwanja ambaye hajabadilisha hata vibao vya kaunta. Malalamiko hupelekwa kaunti au kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Na kama ploti ilikuwa ya makazi, ulizeni kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi kabla ya kuuliza lolote kuhusu desibeli, kwa kuwa bila hicho biashara yenyewe haina mguu wa kusimamia.

Basi, nikiwa kwenye kamati ya fleti zinazotazama uwanja kutoka juu, ningeanza na vibao tulivu kaunta, taa za kujizima saa 2 usiku na mwanzo wa saa 2 asubuhi. Yote yanawezekana mwezi huu, na ningepima kutoka balkoni ileile kabla na baada. Ukuta ningeujadili tu kwa wale wa ghorofa mbili za chini. Kwa mtaa wa nyumba za chini ningepindua mpangilio: kwanza kuziba mianya na kuinua ukuta uliopo, halafu saa, vibao baadaye. Na kwa mwenye ploti ambaye bado ana ramani mezani, apande mwenyewe ghorofa ya tano ya jirani kabla ya kumlipa mtu wa zege, na kama kutoka huko anaiona bustani yake yote, aende kutafuta godauni.